Inua Tandiko Kabla ya Kuinua Bakora

Wajukuu zangu mnaoteka maji mtoni na kuyapeleka bara kwa punda, nina neno nanyi. Nitalisema wazi, maana ninayoyaona siku hizi kwenye njia za malka, pale mnaposhukia mtoni kuteka maji, hayanyamaziki. Punda wenu wanatembea kwa hatua fupi. Wanabonyeza mgongo mnapowasogelea na kamba. Wengine wameanza kuuma. Nanyi jibu lenu ni moja tu, bakora. Punda akisita mnasema ni mkaidi, punda akilala chini mnasema ni mvivu. Mimi nawaambia punda huyo anaumwa, na kinachomuumiza ni kile mlichomfunga wenyewe asubuhi.

Anzeni na mwili wake. Mshike punda asiye na mzigo, asimame mahali tambarare, kisha pitisha vidole kuanzia pale shingo inapokutana na mabega mpaka kiunoni. Katikati utakuta mstari wa mfupa. Hizo ni ncha za pingili za uti wa mgongo, na baina ya ncha hizo na ngozi hakuna nyama ya kusema. Shuka kidogo kila upande, utakuta nyama nene iliyolala juu ya mbavu. Mungu ameweka mahali pa kubebea mzigo pale, pande mbili za uti wa mgongo, wala si juu yake. Mbavu ni jozi 18, na zinaishia kabla ya kiuno. Kupita ubavu wa mwisho hakuna nguzo yoyote chini, ni nyama tupu na figo ndani. Mzigo ukirudi huko, punda anabinya kiuno, na miguu ya nyuma haiwezi tena kuingia chini ya tumbo kumsukuma.

Sasa mwambie mwenzako amtembeze polepole, nawe weka kiganja nyuma ya bega. Utahisi bamba la bega likirudi nyuma kila mguu wa mbele unapotupwa mbele. Likikuta njia yake imezibwa na tandiko, linagonga hapo hapo, hatua baada ya hatua, toka mtoni mpaka mnakofikisha maji. Punda si mjinga. Akishajua kwamba hatua ndefu inauma, ataifupisha. Ataburuta kwato, atajikwaa kwenye mizizi, atachelewa. Halafu anapigwa kwa kuchelewa.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Ngozi na nyama vinalishwa na mishipa midogo mno ya damu. Ukiikandamiza kwa saa nyingi, damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Kwa hiyo kidonda cha mgongo mara nyingi huanzia chini, ndani ya nyama, siku kadhaa kabla ngozi haijapasuka. Siku mnayoona damu na kushtuka, kidonda kilikuwa tayari kina umri. Ndiyo maana siwaelewi wanaoniambia, "Babu, jana alikuwa mzima."

Nitazameni basi mnavyofunga. Gunia moja la naironi, kuukuu, limekunjwa mara mbili na kutupwa katikati ya mgongo. Juu yake kamba nyembamba, ile ya buluu inayouzwa dukani kwa mita, imetoka jerikani ya kushoto, imepita juu ya uti wa mgongo, imeshika jerikani ya kulia. Jozi ya pili vivyo hivyo, nyuma kidogo. Jerikani ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu plastiki yake. Nne ni kilo 80, na kilo zote hizo 80 zimening'inia kwenye kamba mbili zisizozidi unene wa kidole, juu ya mfupa usio na nyama. Punda wetu wa kawaida, aliyeshiba, uzito wake ni kilo 120 hadi 150 hivi. Kipimo cha watu wanaowajua wanyama hawa ni kwamba mgongo wake usibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hesabuni wenyewe. Ni jerikani mbili, moja kila upande, na punda mnene mwenye afya mnaweza kumwongezea kidogo. Anayetaka kupeleka nne kwa safari moja, atafute mkokoteni.

Najua mtaniambia mambo ya matandiko ni ya farasi. Kweli, hapa kwetu Kinakomba hatukufuga farasi. Mbung'o wa kando ya mto hawakuwapa nafasi, na kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao humuua farasi upesi ilhali punda kwa kawaida hata haugui. Lakini mfupa wa farasi na mfupa wa punda sheria yao ni moja, na wenye farasi wameichunguza sheria hiyo kwa sababu imewagharimu vita. Frederick Smith, mganga wa wanyama katika jeshi la Uingereza, aliandika mwaka 1891 kitabu kizima kuhusu seruji na vidonda vya mgongo. Jeshi lenye fedha zote zile lilikuwa likipoteza farasi kwa kidonda ambacho chanzo chake ni kiti kisichomkaa mnyama vizuri. Seruji ina kiunzi ndani yake. Kiunzi kikiwa chembamba kinambana farasi chini ya mabega, kikiwa kipana mno kinashuka na kukaa juu ya uti wa mgongo, na kikiwa kimejipinda kinagusa mbele na nyuma tu, katikati peupe, uzito wote unaangukia pembe nne. Siku hizi Ulaya wanatandika chini ya seruji kitambaa chenye vipimo vinavyoonyesha mgandamizo umelala wapi. Wanachokiona humo ni kile kile ambacho mkono wako unaweza kukuonyesha bure.

Na mkono unaonyesha mengi, ukiuzoeza. Mkishusha mzigo, ondoeni tandiko mara moja na mtazame jasho kabla punda hajaanza kugaagaa, maana akishagaagaa vumbini ushahidi umefutika. Mgongo uliobeba vizuri una jasho la kulingana pande zote mbili, na mstari mkavu katikati ambapo tandiko halikugusa. Mkiona doa kavu la ukubwa wa kiganja katikati ya manyoya yaliyolowa, hapo ndipo palipobanwa hata jasho likashindwa kutoka. Kwa macho panaonekana pazuri, safi, kuliko kwingine, na wengi hudanganyika. Pabonyezeni kwa vidole viwili. Ngozi ikiruka, au punda akigeuza kichwa kuwatazama, mmepata jibu. Penye uvimbe wa moto, hata mdogo kama yai la kwale, tandiko lisirudi hapo kesho.

Manyoya meupe nayo ni maandishi. Punda wa kijivu mwenye mabaka meupe mgongoni hakuzaliwa nayo. Ni mahali palipobanwa mpaka mzizi wa nywele ukapoteza rangi. Anayekwenda kununua punda aanze kutazama hapo, kisha nyuma ya viwiko ambapo mkanda wa tumbo hupita, kisha chini ya mkia. Muuzaji atakusifia meno. Wewe tazama mgongo.

Sasa tandiko lenyewe. Si kitu cha fedha nyingi. Chukueni gunia zuri la katani au turubai la pamba, mshone mito miwili mirefu, kila mmoja wa kulala upande wake wa uti wa mgongo. Iunganisheni kwa kitambaa imara juu, na baina yao acheni mfereji wa vidole vinne ambao haugusi kitu kabisa toka mbele hadi nyuma. Mfereji huo ndio tandiko. Mito ni ya kuushikilia tu. Mwajua namna ya kupakia mtumbwi usilale upande mmoja, basi fanyeni vivyo hivyo na mito hii: unene mmoja, urefu mmoja, na jerikani zinazolingana maji. Ndani jazeni majani makavu ya mpunga au nyasi laini zilizokauka vizuri, yashindilieni mpaka mkono ukibonyeza unarudi. Sponji ya godoro kuukuu msiiweke. Ikipata uzito inalala chapati, ikipata jasho inalihifadhi, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko kavu. Mpira wa tyubu nao unapikisha mgongo kwenye jua hili letu.

Nyasi zenyewe zichambueni kwa vidole, kishada baada ya kishada. Ule mti wa miiba, mathenge, umejaa kila mahali tangu Bura mpaka huku kwetu, na mwiba wake mmoja ukiingia kwenye mto wa tandiko hauonekani kwa juu. Unasubiri uzito. Jerikani zikipanda, mwiba unachomoza chini. Punda anapiga mateke, mtu anasema fadhila za punda ni mateke. Mimi methali hiyo siipendi. Nimewaona punda wengi wapigao mateke wakiacha siku walipobadilishiwa tandiko.

Kamba zote zipite juu ya mito, zisiguse mwili. Mkanda wa tumbo uwe mpana, wa pamba au wa katani uliofunikwa kitambaa, ukae vidole vinne nyuma ya kiwiko, na ukikaza, vidole viwili vipite chini yake. Kwetu hapa mkanda wa kifua ni wa lazima, kwa sababu ukingo wa mto ni mkali, na punda huupanda akiwa na mzigo kamili. Bila mkanda huo tandiko linateleza kurudi kiunoni, nanyi mnazidi kukaza tumbo mpaka hawezi kuvuta pumzi. Mkanda wa kifua ukae chini ya koo na juu ya kifundo cha bega. Ukipanda unamkaba, ukishuka unazuia miguu. Kwa mteremko, fungeni mkanda mpana nyuma ya mapaja. Ile kamba mnayopitisha chini ya mkia itupeni leo. Ngozi ya hapo ni laini kuliko mahali pengine popote, nimeona ilivyokatika, na sitaki kuona tena.

Jambo ambalo hata wenye matandiko mazuri hulisahau ni hili: tandiko linalomkaa punda mwezi huu laweza lisimkae miezi mitatu baadaye. Mmeliona wenyewe wakati ule mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Punda walikonda, nyama ya pande mbili za mgongo ikayeyuka, uti wa mgongo ukasimama kama ukuta. Tandiko lililokuwa likielea juu ya mfereji wake likashuka mpaka mfupani. Wakati huo mito inahitaji kuongezwa unene na mzigo kupunguzwa, nayo ndiyo miezi ambayo maji yanatakiwa zaidi na safari ni ndefu zaidi, kwa hiyo watu walifanya kinyume. Kisha yakaja mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024, na shida ikageuka sura: matandiko hayakauki, punda anavishwa asubuhi kitu kilicholala majini. Tandiko likilowa lianikwe. Kama hakuna jua, kuwe na la pili.

Msiongeze magunia juu ya tandiko linalobana mkidhani mnamhurumia. Linazidi kubana. Wala msikate tundu kwenye tandiko ili kidonda kipumue kazi ikiendelea. Nimeona hila hiyo mara nyingi. Uzito ulioondolewa katikati unahamia kwenye ukingo wa tundu, na ukingo unakata duara jipya kuzunguka kidonda cha zamani. Baada ya muda una kidonda cha ukubwa wa sahani.

Mkokoteni ni nafuu kubwa kwa mgongo, maana magurudumu ndiyo yanayobeba, lakini nao una mateso yake. Mkishapakia, kabla ya kumfunga punda, shikeni mikono ya mkokoteni na kuinyanyua. Inapaswa kuwa myepesi mkononi. Ikiwa mizito, mzigo umekaa mbele mno na mgongo wa punda ndio utakaoushika. Ikitaka kuruka juu, mzigo uko nyuma na mkanda wa tumbo utamnyanyua punda kwa chini. Sogezeni jerikani mpaka ilingane. Nira ya ng'ombe msimvishe. Ng'ombe ana nundu ya kuegemeza mti. Punda hana, yeye husukuma kwa kifua, na mti ule utamchuna shingo na kuacha nguvu zake bila kazi. Mashirika kama KENDAT na Brooke yamekuwa yakiwafundisha wenye punda nchini kutumia mkanda wa kifua badala ya nira, na hapo jirani Lamu, ambako punda hubeba hata mawe na mchanga wa ujenzi, kumekuwa na zahanati ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary tangu 1987. Elimu ipo. Haijapanda mto vya kutosha kutufikia.

Nalisema na la dini, kwa kuwa wengi wenu nawaona msikitini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuugeuza mgongo wa mnyama kuwa mimbari, wakakaa juu yake kuzungumza mambo yao. Nanyi mnakutana njiani, mnasimama chini ya mwembe, habari za mpira, habari za siasa za kaunti, na punda wawili wamesimama juani na jerikani zao. Mzigo uliosimama unabana kuliko unaotembea, maana hausogei hata kidogo kuipa ngozi nafasi ya kupata damu. Mazungumzo yakiwa marefu kuliko salamu, shusheni mzigo. Kama hamtaki taabu ya kuushusha, basi salimianeni mwende.

Aliyekwisha pata kidonda ana dawa moja kubwa, nayo ni kupumzika. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, nzi wafukuzwe, na mgongo usiwekwe kitu chochote mpaka ngozi mpya iwe imefunga na manyoya yameanza kuota. Hizo ni wiki nyingi, si siku. Oili chafu ya injini, maji ya betri na chuma cha moto havitibu. Vinaua ile nyama changa iliyokuwa ikijaribu kuziba. Kikitoa harufu au usaha, mwiteni afisa wa mifugo. Na mjue sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kuwa ni kosa kumfanyisha kazi mnyama asiyeifaa kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Kijana anayempitisha punda mwenye mgongo wazi mbele ya kituo cha polisi amejishitaki mwenyewe.

Wapo wanaonijibu kwa methali, punda afe mzigo ufike. Zamani mtu aliweza kuisema, maana punda walikuwepo. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilikuta punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya nzima. Ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Hapo katikati, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda, vinne vikapewa leseni, ngozi zikawa zinasafirishwa hadi China kuchemshwa dawa, na wezi wakaanza kutembea usiku mabomani. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara hiyo ya ngozi barani kote. Punda wako akifa leo kwa kidonda cha mgongo, wa kumrithi si rahisi kupatikana, na bei yake si ile ya babu zenu. Hata kabla hajafa, punda mwenye kidonda ndiye wa kwanza kuuzwa kwa mnunuzi asiyeulizwa anampeleka wapi. Vidonda tulivyowatia punda wetu vimewalisha wafanyabiashara wale wa ngozi.

Mna haraka, najua. Boda boda zinawanyang'anya wateja wa mjini, na mwenye kusubiri maji bara hasubiri kwa upole. Lakini punda aliyetandikwa vizuri hupiga hatua ndefu, hajikwai, wala hahitaji mtu wa kumchapa nyuma. Mzigo wa jerikani mbili mara mbili kwa siku, mwaka mzima, ni maji mengi kuliko jerikani nne kwa miezi miwili kisha punda wa kulala chini ya mkoma.

Kwa hiyo nimesema na wazee wenzangu. Jumamosi hii baada ya Alasiri tutakuwa chini ya miembe karibu na malka. Kila mmoja aje na magunia mawili ya katani, kamba ya katani na nyasi zilizokauka. Shazia za kushonea ninazo, na mama mmoja wa wafugaji, ambaye amepakia nyumba nzima juu ya punda tangu ujana wake bila kuwachuna, amekubali kuja kutuonyesha anavyotanguliza mikeka. Punda wenyewe waje pia, hata wale wenye vidonda mnaowaficha. Hatushoni kwa kukisia; tutampima kila mmoja mgongo wake, kwanza kwa mkono, ndipo tukate.